Kanisa Lililoelekea Kibla

Alhamisi, tarehe 2 Oktoba

Leo naanza kuandika. Mambo makubwa yananijia, na mtu akifikiwa na mambo makubwa ni bora ayaandike mwenyewe kabla wengine hawajayatangaza vibaya.

Jina langu Chamsudine. Nauza kredito za simu na samaki wa ng'onda hapa Nambindo, kusini kidogo ya Palma. Hiyo ni kazi ya kupatia ugali tu. Kazi yangu hasa ni nyingine: mimi ndiye mwenye ufunguo wa kanisa.

Ndiyo, mimi, Mwislamu, mtoto wa Mwislamu. Mapadri walipoondoka wakati wa Uhuru walimkabidhi baba ufunguo, kwa kuwa nyumba yetu ndiyo ya jirani na baba hakuwa mtu wa kupoteza vitu. Hawakurudi kuuchukua. Baba alipofariki ukawa wangu. Kila Jumapili asubuhi nafungua mimi, na wanaingia Wakatoliki kwanza, halafu Waangilikana, halafu Waevanjeliko wenye spika. Watu wote hao, na nguo zao za kupigwa pasi, wanasimama nje wananingoja mimi. Siku nyingine hakuna anayeningoja, mke wangu akiwa wa kwanza kutoningoja.

Tulipokimbia vita kila mtu alibeba chake. Mimi nilibeba ufunguo. Zuleica, mke wangu, anasema afadhali ningebeba cherehani yake. Tumesharudi zamani na bado anasema.

Basi leo chefe wa kijiji, Amade, ametuita watu wote. Kasema serikali inakagua majengo ya kale. Jengo litakaloandikwa kuwa urithi wa taifa litawekewa paa jipya kabla ya mvua. Lisiloandikwa, na lina nyufa, litavunjwa lisije likaangukia watu, na sisi tutajengewa ukumbi wa matofali kule barabarani, milango mingi, kila dhehebu na ufunguo wake. Jumatano anakuja mkaguzi kutoka Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, dona Ivone, arquitecta, mtu aliyesomea majengo. Na likiandikwa, mtu mmoja atateuliwa kuwa guarda, mlinzi rasmi, mwenye kofia ya serikali.

Mimi nilisikia maneno mawili tu, kuvunjwa na kofia. La kwanza lilinitia baridi ya mifupa. Kanisa likivunjwa nitafungua nini? Nitakuwa muuza ng'onda mwenye chuma mfukoni. La pili lilinihusu waziwazi, nikawa nishanyanyua mkono.

Ila Joaquina alikuwa amesimama tayari. Huyu ndiye kiongozi wa Wakatoliki, Mmakonde mrefu, mama wa watu, sauti yake haihitaji spika. Akasema mlinzi wa kanisa awe mtu anayesali humo. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nikasema mlinzi wa mlango ni mwenye ufunguo. Akasema kufuli hubadilishwa. Nimerudi nyumbani na hasira, nikala nusu sahani.

Ijumaa, tarehe 3 Oktoba

Baada ya sala ya Ijumaa nikaenda kwa mwalimu Fábio. Huyu kaletwa na serikali kutoka Lichinga kufundisha shule, ndiye anayeongoza Waangilikana, na anasoma kila kitu. Nikamuuliza kijuujuu tu, kama mtu asiye na shida, hao maarquitecta wakija hutazama nini.

Kasema hutazama kuta, paa, umri. Na mwelekeo. Makanisa ya zamani altare iko mashariki, jua linapochomoza. Jengo lisiloelekea huko, kasema, mkaguzi anaweza kujiuliza kama kweli lilijengwa kuwa kanisa au lilikuwa ghala tu. Kisha akaendelea kusahihisha madaftari yake bila kujua alichonifanyia.

Nikaenda moja kwa moja kufungua kanisa. Mlango uko upande mmoja, altare upande wa mbali, na jua la asubuhi siku zote huingia kwa dirisha la ukuta wa kulia. Nimeliona miaka yote jua hilo wala sikuwahi kulifikiria. Nikatoa simu. Mimi simuni sina dira ya mabaharia, nina ile ya kibla. Nikasimama mlangoni, nikailaza kiganjani. Mshale ukazunguka kidogo, ukatulia. Ukapita katikati ya mabenchi, ukapanda altare, ukaingia kwenye shubaka la ukutani alimosimama Bibi Mariamu wao. Barabara. Hata msikiti wetu haukunyooka hivyo.

Nikakaa kwenye benchi, jasho linanitoka. Kwa sababu aliyejenga kanisa hili namjua. Ni fundi Chaquir, babu aliyemzaa babu yangu, aliyejenga misikiti kuanzia Quiterajo mpaka huku. Kisa chake tunasimuliana tangu utotoni: padri alifika, akamwomba amjengee kanisa, akashikwa na homa, akalala kitandani. Siku aliyoweza kusimama alikuta kuta za matumbawe zimefika kifuani. Sisi tulikuwa tunasimulia ili kuonyesha babu alivyokuwa mwepesi wa kazi. Kumbe! Babu alijua kulaza nyumba ya ibada kwa namna moja tu. Na lile shubaka, lenye upinde uliokatwa mawimbi na nguzo mbili nyembamba, si shubaka. Ni kibla, pale asimamapo imamu msikitini. Padri alipoliona atakuwa alichoka tu, akamweka Bibi Mariamu ndani, maisha yakaendelea.

Nimeona aibu leo, nasema kweli, aibu ya ukoo. Mtu kakosea mlango, sawa. Kakosea dirisha, sawa. Huyu kakosea kanisa zima. Dona Ivone akigundua ataandika kwamba hili si kanisa, litavunjwa, na Joaquina atakuwa na cha kusema mpaka siku ya kufa. Sijamwambia mtu. Kosa la babu atalirekebisha mjukuu, na Mungu kanijalia akili ya kulirekebisha.

Jumamosi, tarehe 4 Oktoba

Siku njema sana.

Asubuhi nimekwenda kwa chefe Amade kumshauri kwamba mgeni aje saa sita kamili mchana. Asubuhi kijiji kinanuka samaki, nikamwambia, na jioni kuna mbu. Sababu yangu ya ndani ni hii: saa sita jua liko utosini. Nani atajua mashariki ni wapi? Chefe kasema watu wa ofisi huja gari likifika. Lakini alipowapigia simu, wamesema wenyewe kwamba kwa ubovu wa barabara watafika kama saa sita. Mtu akipanga vizuri, mambo yanajipanga.

Mchana nikaingia kanisani na kujifungia. Mpango wa pili: kuhamisha altare. Sikuhitaji kuvunja chochote. Altare yenyewe ni meza, imefunikwa kitambaa. Nikaiburuta mpaka ukuta wa kulia chini ya dirisha, mashariki kabisa, mashariki ya kitabuni. Mguu mmoja ulivunjika njiani nikauwekea jiwe, kitambaa kinaficha. Halafu nikageuza mabenchi yote yaelekee huko. Mgongo unaniuma. Nilipomaliza nikasimama nikaona kanisa jipya, lenye heshima zake, limekuwa pana na fupi badala ya jembamba na refu, ila ni vitu vya kuzoea.

Jumapili, tarehe 5 Oktoba

Watu wa hapa ni wagumu kusaidiwa.

Joaquina aliingia wa kwanza, akasimama ghafla, Wakatoliki wote wakagongana nyuma yake. Akaniuliza ni nani aliyeigeuza nyumba. Nikasema ni majaribio ya serikali. Akauliza serikali ipi. Nikasema ile ile. Muda ulikuwa umekwenda, wakakaa.

Jua likaja. Sikuwa nimelihesabu hilo. Likaingia kwa dirisha la mashariki, likawapiga watu wote machoni. Wanawake wakajifunika nguo zao za kapulana usoni. Joaquina akasoma Injili kwa jicho moja, nusu ya kwanza kwa la kulia, nusu ya pili kwa la kushoto. Kisha akafunga kitabu akasema wote wasimame. Wakarudisha meza, wakarudisha mabenchi, wakaanza sala upya. Walipouona mguu uliovunjika walinitazama mimi, sijui kwa nini.

Walipotoka nikamnong'oneza mwalimu Fábio kwamba yeye ni msomi, asisali kuelekea upande usio wa kitabuni. Akafurahi. Akawaambia Waangilikana wageuze. Lakini Waangilikana wetu ni wachache na wengi ni vikongwe, na mabenchi ni ya mbao za kikoloni. Waligeuza mpaka nguvu zikaishia, mabenchi yakabaki mshazari, wakasali wakiitazama kona.

Waevanjeliko hawakuona tofauti yoyote. Wao huelekea iliko spika.

Wakati wa kufunga, Joaquina alikuwa bado yuko nje na wanawake wake. Akasema, si kwa sauti kubwa, kwamba kuna mtu amechoka kichwani na labda ufunguo upumzishwe. Watu wakacheka. Nikacheka nao, ili isionekane ninasemwa mimi. Lakini iliniuma. Ufunguo upumzishwe!

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Nimelala nikiliwaza jambo hili, nikaamka na jibu. Mabenchi nitayageuza Jumatano yenyewe asubuhi, Joaquina akiwa shambani. Tatizo si mabenchi. Tatizo ni shubaka. Benchi linaweza kuwa limekosewa na mfagiaji. Kibla cha mawe, chenye upinde na nguzo, hakiwezi kuwa kimekosewa na mfagiaji.

Shemeji yangu anafanya kazi ya ujenzi Palma. Nikapanda pikipiki asubuhi, nikamkuta, akanipa mfuko wa saruji uliobaki nusu. Uliwahi kunyeshewa, umeshikamana mabonge mabonge, kasema nisiujengee kitu cha maana. Nikamwambia ni banda la kuku. Nimeyatwanga mabonge yote kwenye kinu mpaka yakawa unga safi. Mchanga nimeuchota ufukweni hapa nyuma ya nyumba. Wengine wanakwenda kuchota bondeni, mbali kote kule, eti wa baharini una chumvi. Mchanga ni mchanga.

Bibi Mariamu nimemtoa kwa adabu, nikamvingirisha kwenye kapulana safi, nikamlaza ndani ya kabati la vitabu vya nyimbo. Nikajaza shubaka kwa mawe na makumbi ya nazi. Nikapiga lipu juu. Nikalainisha kwa kipande cha ubao, nikapaka chokaa. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikatazama kwa macho yaliyobinywa. Ukuta! Ukuta mtupu kabisa. Nikachora na msalaba mdogo wa mkaa, ili usije ukaonekana mpweke.

Sikujua kwamba nina ufundi namna hii. Bila shaka ni damu ya fundi Chaquir.

Zuleica kakikuta kinu. Wakati wa kula nikauliza chakula kiko wapi, akanijibu kwa upole kwamba mihogo ipo, ila kinu kipo kazini. Nimekula ng'onda kavu za biashara.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Joaquina na wanawake wa makanisa yote matatu walikuja leo na mifagio na ndoo. Ni desturi, mgeni akija wanafagia na kupaka chokaa upya, tena hapo huwa hawaulizani nani anasali vipi. Nikawaambia haiwezekani, nimepiga dawa ya mchwa, anayeingia anakufa. Joaquina akasema yuko radhi. Nikasema sheria hairuhusu.

Basi wakakaa kwenye ngazi za mlango, wote, na ndoo zao. Hawakuondoka. Kichwani nikajiambia: Chamsudine, leo ni Jumanne, na umati unakungoja. Ilikuwa raha ya ajabu, siwezi kukataa. Nikapita mbele yao mara kadhaa bila sababu.

Baadaye Joaquina alinifuata peke yake kwenye kibanda changu cha biashara. Akaniita kaka. Yeye huniita bwana Chamsudine, tena kwa kuuma meno. Akasema wanawe wote walibatizwa mbele ya Bibi Mariamu yule, na mmoja wao hayupo tena, alibaki njiani wakati tunakimbia, na hajui hata alikozikwa. Kasema hana kaburi la kwenda, ana pale tu mbele ya shubaka. Wakivunja kanisa, kasema, hatakwenda kwenye ukumbi wa barabarani, atakuja kukaa juu ya kifusi. Kwa hiyo kesho lazima nyumba iwe safi, na nimfungulie.

Nilitaka kumfungulia. Mkono ulikuwa mfukoni, umeshika ufunguo. Lakini ningefungua angeona ukuta, na asingeelewa kwamba ninaokoa kitu kile kile anachokilia. Nikamwambia kesho, dada, kesho utashukuru. Akaenda zake bila kuaga. Wanawake wamepaka chokaa kuta za nje peke yake.

Nafsi haijatulia sana. Ila mpango ni mpango.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Ya leo nitayaandika yote kwa mpangilio.

Mabenchi niliyageuza alfajiri, na altare nikairudisha chini ya dirisha. Dona Ivone amefika saa sita, jua utosini, sawasawa na hesabu yangu. Ni msichana tu, viatu vya kupandia milima, kofia ya majani, Kireno cha Maputo. Mwalimu Fábio akawa mkalimani, ingawa Kireno mimi ninakijua. Kijiji kizima kilikuwapo. Nikafungua mlango taratibu, kila mtu aone anayefungua.

Dona Ivone hakuingia. Akainama kizingitini, akatoa mfukoni kidude cha shaba, akakilaza sakafuni. Dira. Saa sita yangu yote ikaenda bure. Akatazama dira, akatazama altare yangu ukutani kulia, akatazama mabenchi, akatabasamu peke yake. Akauliza ni nani aliyejenga. Nikawahi kusema, fundi mmoja Mreno kutoka Ureno. Mwalimu Fábio alinitazama kabla ya kutafsiri. Nyuma yangu nikasikia Joaquina anaguna.

Ndipo akaeleza kilichomleta. Kasema ana picha ya zamani iliyopigwa na padri, inaonyesha ndani ya kanisa hili, na ndani ya picha kuna shubaka ambalo hajaliona katika kanisa lolote la pwani hii. Yeye anaamini lilichongwa na mafundi wa misikiti. Wakubwa wake hawakutaka kuja huku, wana makanisa makubwa ya kutosha kukagua. Kawabembeleza kwa ajili ya shubaka hilo tu. Akaingia, akainua picha, akatazama ukuta wa mbele, akatazama tena picha.

Nikasema shubaka hilo nadhani liko kijiji kingine.

Joaquina akanipita. Akasimama mbele ya ukuta wangu, mbele ya msalaba wangu wa mkaa. Hakupiga kelele. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Akauliza tu, Mama yuko wapi. Nikaonyesha kabati.

Dona Ivone akakunja picha, akakaa kwenye benchi. Mwalimu Fábio akatafsiri kwa sauti ya chini: kama shubaka limebomolewa, hana cha kuandika. Litakuwa kanisa lenye nyufa na paa bovu, na la kufanya wataamua wengine. Kila mtu alijua wengine wataamua nini. Chefe Amade akavua kofia yake.

Joaquina akaweka kiganja ukutani, akaegemea, kichwa chini, mabega yanamtetemeka. Ukuta ukatoka naye. Kwanza kibanzi, halafu bonge, halafu lipu yote ikashuka kwa mkupuo, na makumbi ya nazi yakamwagikia miguuni pake. Vumbi likajaa kanisa. Tukakohoa wote, Wakatoliki, Waangilikana, Waevanjeliko, Waislamu. Vumbi lilipotua shubaka lilikuwa pale pale, upinde wake na mawimbi yake na nguzo zake mbili, halina hata mkwaruzo. Saruji yangu haikuwa imeshika popote.

Dona Ivone alikwenda mbio na tochi ya simu, akapiga magoti, akapitisha vidole kila pembe. Kisha akageuka akauliza ni fundi gani aliyepaka upuuzi huu. Mwalimu Fábio katafsiri fundi gani tu, upuuzi kauacha, Mungu ambariki.

Nikajitokeza mara moja. Nikasema ni mimi. Nililifunika ili wezi wasilione wala mvua isiliguse, na kwa makusudi nilitumia mchanganyiko maalumu, wa chumvi, unaojivua wenyewe wakati wa haja. Dona Ivone hakuandika hilo.

Nilipoona hivyo nikamwambia na lingine, maana lilikuwa linanichoma. Nikasema hapakuwa na Mreno. Aliyejenga ni fundi Chaquir, babu aliyemzaa babu yangu. Nikamsimulia homa ya padri na kuta zilizofika kifuani. Nikamwomba radhi kwa niaba yake, kwamba alikosea upande, ila alikuwa mtu mzuri.

Kumbe yeye alikuwa anaandika mbiombio, uso unang'aa. Kasema babu hakukosea. Alijenga nyumba ya ibada kwa heshima kubwa kuliko zote alizozijua, akawapa watu wa dini nyingine. Kasema kanisa lililoelekea kibla, lenye Bibi Mariamu ndani yake, wanamoingia watu wa madhehebu matatu na ufunguo uko kwa Mwislamu, hajapata kuliona wala kulisoma popote. Akagonga ukuta kwa kiganja kama mtu anayempongeza mtu. Machozi yalinitoka. Nikawaambia watu ni vumbi la chokaa, lakini hawakuwa wananitazama. Walikuwa wanamtazama Joaquina, anamrudisha Bibi Mariamu mahali pake.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Habari rasmi. Kanisa litaandikwa. Paa litakuja kabla ya mvua. Hakuna kuvunjwa, hakuna ukumbi wa barabarani.

Guarda ni Joaquina. Chefe Amade kaita kura ya mikono, ikanyanyuka yote. Zuleica kanyanyua yake, mke wangu, mbele yangu. Nikamuuliza baadaye, kanijibu nikiulize kinu.

Nilidhani basi, na ufunguo umekwenda. Nilikuwa tayari nimeutoa mfukoni. Lakini Joaquina kasema mbele ya watu wote kwamba ufunguo hauondoki nyumba ile, uliachwa pale na pale utakaa. Akaongeza kwamba Chamsudine afungue mlango, abaki nje ya mlango, asiingie ndani bila yeye kuwapo. Watu wakapiga makofi, kwa sehemu ya pili hasa.

Nimelitafakari jambo hili na naliona ni ushindi. Guarda asiye na ufunguo anamngoja nani? Mimi. Na kofia yake. Nimemkubalia kwa ukarimu na nikamwambia yaliyopita yamepita, nimemsamehe.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Dona Ivone kapiga simu kwa chefe. Wakubwa wake wamefurahi mno, watakuja wengi zaidi mwezi ujao, kutoka Maputo, na watu wa kupiga picha. Wote kwa ajili ya shubaka moja.

Moja! Neno hilo limenikaa kichwani tangu asubuhi. Mimi namjua babu kuliko mtu yeyote aliye hai. Fundi mkubwa vile, mwenye nguvu vile, padri kalala, hakuna wa kumzuia, ajenge shubaka moja tu? Haiwezekani. Lazima alikuwa na la pili moyoni. Na ukuta wa magharibi uko mtupu kabisa, kila siku najiuliza kwa nini.

Shemeji kasema ana mfuko mwingine, huu mkavu, haujanyeshewa, na patasi ataniazima. Safari hii nimemwambia ukweli, kwamba ni kitu cha maana. Mchanga nitachota ule ule wa ufukweni, kwa sababu mgeni kazoea.

Jumatatu Joaquina anakwenda Palma kupokea kofia, atashinda huko mpaka jioni. Ukuta nimeshaupima kwa shibiri. Nitaanzia juu, kwenye upinde.